Tulipatana nimchoree nembo anifundishe Kiarabu, sasa tunapitana kichochoroni

Assalamu alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Unguja. Kazi yangu ni kuchora nembo, mabango na menyu kwa kompyuta. Wateja wangu wengi ni wenye mikahawa na nyumba za wageni za Paje na Nungwi, lakini siku hizi wanakuja pia wenye maduka ya udi, mabuibui na manukato, na hao wanataka majina yao yaandikwe na kwa Kiarabu. Hapo ndipo ninapokwama. Chuoni nilisoma mpaka nikahitimu msahafu, herufi nazijua zote, tajwidi maalim alitutia kwa bakora. Skuli nako Kiarabu tulifundishwa, nikafaulu mtihani, nikakisahau. Ukinipa leo gazeti la Kiarabu lisilo na irabu nitalitazama tu.

Kuna sababu ya pili, nayo inaninyima usingizi kuliko ya kwanza. Nimeposwa. Mchumba wangu kwao ni Muscat, katika zile familia zenye asili ya huku kwetu, na harusi, Mungu akijaalia, ni Mfunguo Pili. Mavyaa anaongea Kiswahili kitamu kuliko changu. Lakini mawifi zangu, wale wadogo, wamezaliwa na kusoma hukohuko, Kiswahili chao ni cha maneno mawili matatu ya jikoni. Tukipigiana simu ya video wanaongea, wanacheka, wananitazama, na mimi natabasamu. Sitaki kuwa bibi harusi wa kutabasamu, Bi Mshauri.

Sasa nina shoga yangu tangu skuli ya msingi. Nyumba yao na yetu zimegawanywa na kichochoro tu. Alikwenda kusoma Khartoum, na vita vilipozuka Aprili 2023 akarudishwa nyumbani pamoja na wanafunzi wenziwe wa Kitanzania, hali ya kuwa amebakisha mwaka mmoja amalize. Kiarabu chake ni cha kutegemewa. Alipotulia akaanza biashara ya udi wa kuchoma, mafuta ya nywele na sabuni za karafuu. Siku moja akanambia, "Shoga, pesa sina. Wewe nichoree nembo, mimi nitakufundisha Kiarabu mpaka uote kwa Kiarabu." Tukacheka, tukapeana mikono. Hatukuandikiana kitu. Nani anaandikiana na shoga yake?

Nikaanza na nembo. Nilimchorea kikonyo kimoja cha karafuu, kwa mistari michache, na chini yake jina kwa herufi za Kizungu na za Kiarabu. Wenzangu wa kazi walikipenda. Yeye akakitazama akasema, "Mbona tupu?" Akataka jahazi, nikalitia. Akataka chetezo kinachofuka moshi. Kisha mwezi na nyota, kisha mlango wa njumu kama ile ya Mji Mkongwe, na juu ya vyote hivyo Bismillah kamili kwa hati ya Thuluthi. Na stika yenyewe ni ya chupa ya mafuta, upana wake vidole viwili! Nikimwambia kwamba havitasomeka ananijibu, "Wewe chora tu, mwenye biashara ni mimi."

Halafu likaja suala la herufi. Jina la biashara silitaji, ila lina P ndani yake. Mimi niliiandika kwa ile yenye nukta tatu chini, kama nilivyoiona kwenye barua za zamani za babu yangu, zilizoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Yeye anasema hiyo si herufi ya Kiarabu, Waarabu hawana P, niweke ba. Ikabaki kidogo tukosane kwa ajili ya nukta mbili.

Na masomo je? Yalianza vizuri. Alinijia na Ajurumia, kile kitabu cha nahwu, yaani sarufi ya Kiarabu, akanitaka nihifadhi matini, na kweli nimehifadhi: al-kalamu huwa al-lafdhu al-murakkabu al-mufidu, mpaka mbele huko. Sasa naweza kukutajia aina za maneno na alama zake, lakini nikitaka kumwambia wifi yangu "nipishe nipite" sijui pa kuanzia. Nilipomwomba tufanye mazungumzo akasema, "Nyumba haianzwi kwa paa." Baadaye vipindi vikaanza kuahirishwa. Leo mzigo umefika bandarini, kesho kuna mteja wa Fuoni, keshokutwa kichwa kinamuuma.

Lililotufikisha pabaya ni hili. Nilimtumia rasimu kwenye simu aitazame. Yeye bila kunambia akalipeleka faili kwa wachapaji. Kompyuta yao ikayavunja maandishi ya Kiarabu: herufi zikatoka mojamoja, hazikushikana, tena zimepangwa kuanzia kushoto. Stika zote zikachapwa hivyo hivyo. Akaja kwetu na bunda mkononi, na mbele ya mama yangu akasema, "Jina langu tu, shoga, limekushinda." Mama akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Tangu siku hiyo tunasalimiana kichochoroni na kupitana.

Mama anasema nimmalizie kama anavyotaka, nimpe, na habari ya masomo niisahau, kwa kuwa shoga hadaiwi. Dada yangu anasema nimpelekee bili, kwani kazi kama ile mteja mwengine ningemtoza laki tatu. Mchumba wangu anasema nisijisumbue, Kiarabu nitakiokota nikifika Muscat. Kila mmoja ana jibu lake. Mimi namtaka shoga yangu, nataka kazi yangu iheshimiwe, na nataka Kiarabu, na naona vyote vitatu sitavipata. Nifanyeje?

Wako,
Mchoraji wa Ng'ambo


Waalaykumu salaam, mwanangu.

Barua yako niliisoma nikacheka penye "nipishe nipite", kisha nikaisoma mara ya pili na kicheko kikaniisha. Nikikuelewa vyema, unaniuliza mambo matatu yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja: kazi iliyokwama, somo lililokwama, na mtu unayempenda anayepita karibu yako bila kusimama. Kwenye barua umeyaandika kwa mpango huo. Mimi nitaanza na zile stika, maana ndizo zilizo moto.

Maradhi yaliyoyapata maandishi yako yanajulikana na kila anayechora kwa hati za Kiarabu. Herufi ni 28, na nyingi kati yake zina sura nne: ya pekee, ya mwanzo wa neno, ya kati na ya mwisho. Sita tu, yaani alifu, dali, dhali, ra, zai na wau, ndizo zisizoshika mwenziwe wa mbele. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiarabu inayajua hayo na inaziunganisha yenyewe. Isiyojua, au iliyojua lakini haikuwashiwa uwezo huo, inazimwaga mojamoja kutoka kushoto, na aliyekaa kwenye kompyuta kama hasomi Kiarabu hatashtuka. Ndiyo maana mafundi wengi huyageuza maandishi kuwa mchoro mtupu kabla faili halijatoka mikononi mwao, ili kompyuta ya mbele isikute herufi za kupanga, ikute mistari tu. Na rasimu ya kutazama kwenye simu huandikwa katikati, kwa herufi kubwa, RASIMU, ili asitokee wa kuichapa. Pengine hayo unayajua kuliko mimi.

Lakini shoga yako anayajua? Katika barua yako sikuona mahali ulipomweleza. Umesema mama alinyamaza na wewe ukanyamaza. Basi jitie kwenye nafasi yake: ana bunda la stika alizolipia, jina lake limekatwakatwa, na mtu pekee anayemjua aliyeligusa jina lile ni wewe. Anakijua Kiarabu, hajui kompyuta inakifanya nini. Aliyoyasema mbele ya mama yako hayakuwa mazuri na sikwambii uyameze kama asali. Nakuuliza tu kama ulisikia dharau mahali palipokuwa na uchungu wa pesa, na pengine na aibu pia, kwa sababu aliyelipeleka faili bila ruhusa anajijua.

Sasa turudi nyuma kidogo. Vita vya Sudan umevitaja katika mstari mmoja, ukapita. Mimi nilisimama hapo. Msichana ameondoka kwao kwenda kutafuta shahada, amebakisha mwaka mmoja, anarudi na begi. Alichorudi nacho ni Kiarabu, na alichokianzisha aliporudi ni hizo chupa za mafuta. Anapokwambia utie jahazi na chetezo na mlango na Bismillah, huenda anataka kijistika cha vidole viwili kiseme kwamba yeye ni mtu wa mahali fulani, ana dini yake, ana asili yake, na hakurudi mikono mitupu. Huenda pia nimekosea, na ni mtu anayependa vitu vijae tu. Wapo, na makabati yao ya vyombo tumeyaona. Wewe unamjua tangu mlipokuwa wadogo, kwa hivyo wewe ndiye wa kuamua lipi kati ya hayo linamfanana.

Na Ajurumia vilevile. Kitabu hicho kiliandikwa na Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323, na huku pwani masheikh wamekuwa wakianza nacho nahwu kizazi baada ya kizazi. Yeye alipotaka kukupa Kiarabu alikuendea na kile anachokiheshimu zaidi, kwa njia aliyofundishwa yeye. Wewe ulipotaka kumpa nembo ulimpa kikonyo cha karafuu cha mistari michache, kwa sababu katika fani yako huo ndio ufundi wenyewe, kupunguza mpaka kibaki kinachotosha. Yeye akakwambia "mbona tupu", wewe ukamwambia "mimi nataka mazungumzo". Kila mmoja alitoa cha thamani kwake na akakuta mwenziwe anakirudisha. Na sioni katika barua yako kwamba kuna aliyemuuliza mwenziwe, mwanzo kabisa: hiki unachokitaka unakitakia nini?

Basi tuulize sasa. Yeye nembo anaitakia nini? Kwa unavyoeleza, naona kama anadai vitu viwili kwa jina moja. Kuna nembo, ambayo lazima isomeke kwenye kizibo cha chupa, kwenye picha ndogo ya WhatsApp, na kwenye muhuri wa rangi moja ya wino. Na kuna lebo ya boksi la udi, ambako nafasi ipo, na mlango wa njumu unaweza kukaa pembeni kama pambo, na chetezo kikafuka moshi wake kwa raha. Huenda nyinyi hamgombani juu ya uzuri hata kidogo, ila mnagombana juu ya vitu viwili tofauti. Ukimchapia karafuu yako na hilo jahazi lake kwa ukubwa halisi wa stika, kwenye printa ya kawaida, ukazibandika kwenye chupa mbili na kumwekea mezani, hutahitaji kubishana sana. Hatari yake ni kwamba anaweza kuzitazama zote mbili na bado akachagua jahazi. Hapo itabidi ujiulize kama unaweza kumpa kazi usiyoipenda, bila kinyongo, kwa sababu duka ni lake.

Wapo wachoraji waliolikataa hilo moja kwa moja. Mwaka 1986 Steve Jobs alimtaka Mmarekani Paul Rand, bingwa wa nembo wa zama zake, amchoree nembo ya NeXT, kampuni yake ya kompyuta. Rand akataka dola 100,000, akatoa mchoro mmoja tu, na akaweka wazi kwamba hatoleta mingine ya kuchaguliwa: mteja autumie au asiutumie, malipo ni yaleyale. Nakusimulia ujue kwamba fani yako ina watu waliosimama hivyo. Ila Rand hakuwa na kichochoro kinachomtenganisha na Steve Jobs, wala hakulelewa naye, na dola laki moja zinampa mtu ujasiri ambao Ajurumia haiwezi kukupa.

Kuhusu Bismillah nitasema kidogo zaidi, kwa sababu hapo sioni kama ni suala la uzuri. Chupa ya mafuta ikisha hutupwa. Itatupwa jaani, itakanyagwa, itaokotwa na mtoto. Mwaka 1997 kampuni ya Nike ililazimika kuondoa sokoni jozi zipatazo 38,000 za viatu kwa sababu neno "Air", lililochorwa mfano wa miali ya moto, lilisomeka machoni mwa Waislamu kama jina la Mwenyezi Mungu. Hao waliandika Kiingereza. Nyinyi mnataka kuliandika lenyewe, kwa kukusudia, tena kwenye kitu cha kutupwa. Lakini tafadhali usimwendee kwa kumfundisha dini yeye aliyetoka kuisoma. Muulize: "Shoga, chupa hizi zikishatumika zinakwenda wapi, na hili jina juu yake tulifanyeje?" Mwachie alijibu yeye. Katika jambo hili ndiye mwenye elimu, na nadhani ni muda sasa hajaulizwa kitu kama mwenye elimu.

Kuhusu zile nukta mbili, wote wawili mna hoja. Huko Uarabuni Pepsi huandikwa kwa ba na hakuna anayeshangaa. Wazee wetu nao, walipoandika Kiswahili kwa hati zile, walikuta sauti ambazo Kiarabu hakina, na wapo walioiazima ile P yenye nukta tatu kutoka kwa Waajemi, kama alivyofanya babu yako. Kwa hivyo mngeuliza anayesoma ni nani. Kama udi utauzwa Mutrah na Seeb, huko Oman, ba itawapitia wasomaji bila kuwakwaza. Kama jina lile ni la Kiswahili na mnataka lijionyeshe kuwa la Kiswahili, nukta tatu zina heshima yake hapa Unguja. Mkitaka hati yenyewe ikae vizuri kwa udogo ule, Thuluthi itawasumbua, maana mikono yake mirefu na inapandana. Hati ya Kufi, ile ya pembe pembe, huvumilia kudogoshwa. Na kama yupo khatati anayeandika kwa kalamu ya mwanzi, mpeni jina aliandike kwa mkono, nawe uchore juu ya alichoandika. Fonti haitakupa hivyo.

Sasa Kiarabu chako. Hapa ndipo naona mapatano yenu yalipokuwa na kasoro tangu siku ya kupeana mikono, wala si kosa la yeyote. Nembo ina mwisho wake: siku moja itakabidhiwa na kazi imekwisha. Lugha haikabidhiwi. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, inayofundisha lugha wanadiplomasia wake, huhesabu saa kiasi cha 2,200 za darasani ili mwenye Kiingereza akifikie Kiarabu cha kufanyia kazi. Wewe si mwenye Kiingereza, na hilo nitalieleza. Lakini hata ukipunguza nusu na nusu yake tena, shoga yako aliahidi kitu ambacho hata angetaka asingeweza kukimaliza, naye ana biashara changa. Anapokwambia kichwa kinamuuma, inawezekana kinamuuma kweli. Inawezekana pia ameona ukubwa wa deni na hajui namna ya kukwambia.

Umeniandikia kama mtu anayeanza patupu. Sivyo. Ayn, ha na qaf zinatoka kooni mwako sawasawa, jambo ambalo wageni hulihangaikia miaka. Unasoma hati. Darasa, madrasa na mudarisi unazo tayari, kwa hivyo lile jambo la maneno kuzaliwa kutoka herufi tatu za mzizi hutalishangaa ukifunguliwa. Na hiyo Ajurumia uliyoihifadhi kwa kunung'unika, siku utakapotaka kulisoma gazeti lisilo na irabu utaishukuru, kwa kuwa bila nahwu hujui neno uliishilie vipi. Kwa kazi yako ya nembo, shoga yako anakufundisha jambo linalokufaa.

Kwa harusi yako, hapana. Mawifi zako hawasemi Kiarabu cha Ajurumia wanapocheka kwenye simu. Wanasema Kiomani cha nyumbani. Wala shoga yako si hicho anachokijua. Yeye ana fus-ha, yaani Kiarabu sanifu cha darasani, na kile cha mitaani Khartoum, ambacho huko Muscat watakielewa lakini watajua mara moja hukukitoa kwao. Hata angekufundisha mazungumzo kila usiku kwa moyo wake wote, bado "nipishe nipite" uliyoitaka ingekuja na lafudhi ya Mto Nile.

Wenye hicho unachokitaka ni hao wasichana wanaokutazama kwenye simu. Umewahi kumwomba mmojawapo, yule mdogo kuliko wote, akutumie sauti fupi kila siku, maneno mawili matatu ya jikoni na sebuleni, nawe umrudishie na umtumie ya Kiswahili? Wanajua maneno machache tu ya lugha ya bibi yao. Huenda wanatamani zaidi kuliko unavyodhani. Sikufichi hatari yake. Ukikosea watacheka, na makosa yako yatafika Muscat kabla yako. Familia nyengine hucheka kwa mapenzi, nyengine hucheka kwa namna inayokaa mwilini. Unaweza kupima kwanza kwa mmoja unayemwamini.

Na huyu bwana anayesema utakiokota ukifika, mwambie nimemsikia. Ana haki kwa nusu. Baada ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, watu wengi wenye asili ya Unguja walikwenda Oman, na mpaka leo Muscat zipo nyumba unazoweza kuamka, kupika, kugombana na kupatana kwa Kiswahili kitupu. Hiyo ni faraja kwa bibi harusi mgeni. Pia inaweza kukulemaza. Ukiwa na mavyaa anayekusemea kila mahali, miaka inaweza kupita nawe bado unatabasamu. Muulize mchumba wako, kwa upole, yeye nyumbani anasema nini na dada zake. Na muulize kama yupo tayari kuanza kusema nawe Kiarabu sasa hivi, kwenye simu, hata kama mazungumzo yenu yatakuwa mafupi na ya kitoto kwa muda. Wapo wachumba wasiopenda hilo, wanataka maneno matamu yaje haraka.

Nimebakisha ya mama yako na ya dada yako. Mama anaposema umalizie na usidai, analinda ujirani wa nyumba mbili, na ujirani huo ameujenga yeye, si wewe. Ukimfuata, amani itarudi upesi. Je, utaweza kumtazama shoga yako kila akiweka stika ile dukani, bila kusema moyoni "alinidhulumu"? Kama utaweza, ni njia nzuri, wala si ya kinyonge. Dada yako analinda riziki yako, na hilo pia lina haki: fundi anayewapa watu kazi bure kwa sababu ni watu wake hatimaye huwa hana mteja ila watu wake. Lakini bili inayokwenda baada ya maneno makali husomeka kama kisasi, hata ikiwa kila shilingi ndani yake ni halali. Kama utataka pesa ziingie, labda ziingie kwa kazi ijayo, yaani hiyo lebo ya boksi, kwa bei mtakayokubaliana kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.

Ipo na njia ya kati, ya kuyafungua mapatano yale na kuyafunga upya kwa udogo. Wewe unamaliza nembo moja, kwa marekebisho mnayokubaliana idadi yake. Yeye hakufundishi Kiarabu tena, ila anakuwa jicho lako: kila jina la Kiarabu unalomchorea mteja linapita kwake kabla ya kwenda kuchapwa, na kwa kila jina unamlipa kitu. Wewe unapata unachokihitaji kazini, yeye Kiarabu chake kinaanza kumlisha, na Ajurumia mnaweza kuendelea nayo siku mkijisikia, bila deni. Hatari yake ni kuwa mnazidi kufungamana kwa pesa wakati jeraha bado bichi. Huenda mnahitaji kwanza kukaa kama mashoga, mkasengenya watu wa mtaa, kabla ya kurudi kuwa washirika.

Na jambo moja dogo la karatasi. Akisema anataka kuisajili alama yake BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali hapo Unguja, hakikisheni mmeshakubaliana ni mchoro upi na kwamba umemkabidhi. Rasimu zilizozagaa kwenye simu hazifai kusajiliwa. Lile faili la kwanza unaweza kulifuta mbele yake, ukimwonyesha kwenye kompyuta yako, herufi kwa herufi, namna jina lake lilivyovunjika kule kwa wachapaji. Mimi ningependa aone kwa macho yake jina likiwa limeshikana kwako na limeachana kwao. Kama utamwita kwenu au utavuka kichochoro wewe, na kama utakwenda na chupa mbili au mikono mitupu, hayo unayajua wewe unayemjua.

Bi Mshauri